Tumbo la gitaa na mkono wako wa kulia

Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi mbele ya wapigaji wenzangu, wengi wa kwaya na wachache wa bendi. Kuna kijana alirekodi kwa simu, nikakaa nikaandika vile vile nilivyoongea, nimetoa tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Haya jamani, habari za mchana. Wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, viti vya mbele havina mwenyewe. Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi.

Mnaona hapa mezani kuna magitaa manne. Mawili ni yangu, hili la nailoni nimeazima kwa jirani, na lile kubwa kule mwisho lenye tumbo kama pipa nimeazima kwa mzee mmoja ambaye yuko humu humu ndani, kanipa kwa masharti, na leo asubuhi kanipigia simu mara tatu kuuliza kama limefika salama. Mzee limefika, hilo hapo, halijaguswa na mtu.

Sasa nimeambiwa niongee kuhusu kuchagua gitaa kavu, yani lisilo la umeme, na najua mtu akisikia hivyo anajua nitaongea bei na brandi. Sitaongea bei. Bei mnazijua kuliko mimi, kila mtu humu ana shemeji Kariakoo. Nataka niongee kuhusu bodi, yani tumbo la gitaa, umbo lake, kwasababu naona ndo kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa halafu ndo kinakuja kuwatesa miaka. Na nachotaka kusema ni kimoja tu, tumbo la gitaa lichaguliwe na mkono wako wa kulia. Kama wewe ni mashoto basi wa kushoto, tumeelewana.

Nianze na mimi mwenyewe, maana nimeteseka.

Gitaa langu la kwanza la maana nilinunua baada ya kudunduliza karibu mwaka mzima. Nimeingia dukani, nimesimama, sijui hata niulize nini. Muuzaji akashusha drednoti moja ukutani, lile gitaa la tumbo kubwa, akachukua piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, akakung'uta chodi ya G moja tu, nyuzi zote kwa pamoja, kwa nguvu zake zote, duka zima likavuma mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. Mi nikatoa hela. Sikulishika hata, naapa. Nililishika mara ya kwanza kwenye daladala nikiwa nimelipakata kama mtoto.

Shida ni kwamba mimi sipigi hivyo! Mimi nimefundishwa na mjomba, na mjomba alikuwa mgonjwa wa zile nyimbo za zamani za Kikongo, za kina Mwenda Jean-Bosco, yule bwana wa Katanga ambaye Hugh Tracey, mtu aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi. Mwenda alikuwa anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, ukisikiliza unaweza kula yamini kwamba wako watu wawili. Gumba linatembea na besi huku kidole kinaimba juu. Ndo mtindo niliokua nao mimi, usiku, taratibu, nimekaa kwenye stuli jikoni, mama kalala chumba cha pili.

Sasa chukua mtindo huo uweke kwenye lile drednoti langu. Besi inavuma vuuum, zile nota za juu zimefunikwa, hazisikiki zikiachana, kama unasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nikiongeza nguvu kidole kinauma. Nikipunguza gitaa linanyamaza. Na baada ya nusu saa huu mkono hapa, toka kwapani mpaka kwenye vidole viwili vya mwisho, unakufa ganzi kabisa. Nilikaa nalo miaka saba jamani. Miaka saba nimeamini kwamba tatizo ni mimi, kwamba sina kipaji, mjomba alikuwa nacho mi sina.

Halafu siku moja nimeenda kumtembelea rafiki, kaniachia gitaa lake dogo dogo, akaenda kuchemsha chai. Nikapiga ile ile ya kila siku. Kila nota ikatoka peke yake. Nilisimamisha mkono, nikalitazama lile gitaa ndani ya tundu kana kwamba kuna mtu kajificha humo.

Kwanini iwe hivyo? Ngoja niwaonyeshe. Huu ubao wa juu wa gitaa, huu wenye tundu, ndo unaotoa sauti, nyuzi zenyewe hazina sauti ya kutosha kumwamsha paka. Nyuzi zinautikisa ubao na ubao unasukuma hewa. Sasa fikiria ngoma. Msondo ukiugusa kwa ncha ya kidole hausemi kitu, unataka kiganja na bega. Chapuo ukiigusa tu imeitika. Ndo hivyo hivyo. Ubao mpana unataka nguvu ili uamke, ukishaamka hakuna wa kuushinda, lakini mtu wa vidole hana hiyo nguvu ya kuuamsha, au anayo kwa dakika tano. Ubao mdogo unaamka haraka, ila na wenyewe una mwisho wake, ukiukung'uta sana unafika mahali hauongezi sauti tena, unaanza kulia kama bati. Kwahiyo sio kwamba kubwa lina sauti kubwa na dogo lina sauti ndogo, hapana, inategemea nani analigonga na analigonga na nini.

Na ndani ya tumbo kuna hewa, na yenyewe inaimba. Tumbo likiwa kubwa hewa yake inavuma chini zaidi. Kwa drednoti ule uvumi uko karibu na Hertz 100 hivi, yani mitikisiko 100 kwa sekunde, na ile G ya uzi mnene, freti ya tatu, freti ni vile vyuma vya kwenye shingo, ni Hertz 98. Unaona sasa kwanini muuzaji alinipigia G? Labda hakujua, lakini mkono wake ulijua.

Tuje kwenye drednoti lenyewe. Hili hapa, ni lile lile langu, sijaliuza. Jina ni la meli ya vita ya Waingereza, HMS Dreadnought, iliyoshushwa majini mwaka 1906, wakati huo ndo ilikuwa meli ya kutisha kuliko zote, na mtu akitaka kusema kitu ni kikubwa kupitiliza anakiita hivyo. Kampuni ya Martin, hawa watu wa Nazareth kule Pennsylvania Marekani, walianza kuyatengeneza mwaka 1916 lakini sio kwa jina lao, walikuwa wanamtengenezea Oliver Ditson, kampuni ya Boston iliyokuwa inauza vyombo vya muziki. Mpaka 1931 ndo Martin wakayatoa kwa jina lao wenyewe. Na shabaha ilikuwa gitaa la kumsindikiza mwimbaji. Baadaye wale watu wa bluegrass, ule muziki wa banjo na fidla, wakalichukua likawa lao, maana banjo ikianza kulia gitaa dogo halipati hata nafasi ya kusalimia. Kazi ya gitaa kwenye ile bendi ni kama kazi ya mtu wa rithim, kukaa nyuma na kuwabeba wenzie kwa piki, besi nzito na mkwaruzo.

Kwahiyo mnaona, hili gitaa lilizaliwa na kazi yake. Kama kazi yako ni hiyo, unaongoza sifa, unasimama, unakung'uta na piki, kwaya ya watu ishirini iko nyuma yako na ngoma na matari, chukua drednoti wala usisikilize maneno yangu. Ni lako. Na bahati nzuri ndo yamejaa madukani. Yamaha F310 ambayo nusu yenu humu mmejifunzia, ile ni umbo la drednoti. Shida ni kwamba kwasababu yamejaa, watu tunadhani gitaa kavu maana yake ni drednoti, hatujui kama kuna kingine.

Nimekuja na futi ya fundi cherehani. Kijana njoo unishikie hapa. Drednoti, pale chini kwenye upana wake mkubwa kabisa, sentimita 39.7, tuseme 40. Haya, sasa hili jingine, Wamarekani wanaliita kwa sifuri tatu, 000, na mimi naliita hivyo hivyo sifuri tatu. Pima. Sentimita 38. Mnaona? Tofauti haifiki sentimita mbili! Mtu akikuuzia kwa maneno ya upana tu kakudanganya bila kujua. Sasa pima unene, pale chini kwenye kitako. Drednoti karibu 12.4. Sifuri tatu 10.5 hivi. Unene ndo mwizi wa bega lako, zile sentimita mbili zinauinua mkono wako mzima, kwapa linabanwa, mkono unakufa ganzi. Na angalia kiuno. Drednoti halina kiuno, limekuja tu hivi kama ndoo. Hili lina kiuno, ukikaa linaingia kwenye paja lenyewe linatulia, drednoti linakaa juu juu linakusukuma kifuani. Kina dada wengi waliopita kwangu kujifunza wananiambia hivyo hivyo, mwalimu gitaa hili linanisukuma, na mimi zamani nilikuwa nawaambia watazoea. Mnisamehe kwa kweli.

Haya sifuri tatu na ndugu yake. Zamani magitaa yote haya shingo ilikuwa inaungana na bodi kwenye freti ya 12. Mwaka 1929 kulikuwa na mpigaji wa banjo wa Atlanta anaitwa Perry Bechtel, miaka ile banjo ilikuwa inaanza kuishiwa kazi kwenye bendi na gitaa linapanda, watu wa banjo wanataka kuhamia kwenye gitaa lakini shingo wanaona fupi mno. Akawaomba Martin wamtengenezee lenye shingo ndefu zaidi. Wakalibana tumbo la sifuri tatu, mabega yakapanda, freti 14 zikatoka nje ya bodi. Wakaliita OM. Yani umbo ambalo leo mtu yeyote anayepiga kwa vidole anakutajia, lilitokana na mtu wa banjo aliyekuwa anatafuta shingo ndefu. Hicho kitu huwa kinanifurahisha sana.

OM na sifuri tatu ya freti 14 kwa macho ni kitu kimoja, usione aibu kuyachanganya. Tofauti kubwa ni urefu wa nyuzi. OM ni sentimita 64.5, sifuri tatu 63.2. Kasentimita kamoja na kidogo, lakini nyuzi za sifuri tatu zinalegea kidogo, mkono wa kushoto unapumua, ukivuta uzi unakuja. OM imekaza zaidi, inakata zaidi. Eric Clapton, yule mpiga gitaa wa Uingereza, alipokaa kwenye kiti MTV mwaka 1992 bila gitaa la umeme, lililokuwa mapajani kwake ni Martin 000-42 ya mwaka 1939. Watu wengi sana walianza kutafuta magitaa madogo baada ya pale.

Mtu kauliza hapa mbele, eti yale ya freti 12 ndo ya zamani yamekufa? Hayajafa. Yapo na wanayatengeneza tena sana tu. Shingo ikiungana kwenye ya 12 ile briji, kile kibao cha kufungia nyuzi, inashuka inakaa karibu na katikati ya ubao, mahali unapotikisika vizuri, kwahiyo sauti inakuwa nene na laini, na mkono wa kushoto hauendi mbali. Unachopoteza ni kule juu, ukitaka nota za juu sana unagonga bega la gitaa. Ndo hapo watu wanachukua lenye mkato, bega moja limekatwa ili mkono uingie. Mimi mkato siupendi kwa macho lakini hilo ni langu.

Sasa lile pipa la mzee. Hili wanaliita jambo, sio jambo la kusalimiana, ni jumbo la Kiingereza lile la vitu vikubwa. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, Marekani, walimtengenezea Ray Whitley mwaka 1937, alikuwa mwimbaji wa filamu za kichungaji ng'ombe, sinema za makauboi. Fikiria mwenyewe, mtu anataka gitaa la kuonekana kwenye sinema. Upana wa chini inchi 17, yani sentimita 43. Elvis naye alikuwa nalo, likamfaa, lilikuwa linamjaa kifuani vizuri kwenye picha. Lakini msidhani ni urembo tu, pamoja na ukubwa wote huu lina kiuno, mnakiona hiki, na sauti yake haina ule uvumi wa chini wa drednoti kama mtu anavyodhani, imesambaa, ukikung'uta chodi inakuwa kama pazia lote limefunguka. Kwa mtu wa kukung'uta tu na kuimba peke yake ni tamu mno. Kwa vidole, kwangu mimi, ni kama kuosha kijiko kwenye beseni la kufulia. Mzee samahani. Mzee anacheka, sawa.

Kati ya pipa na drednoti kuna mengine siwezi kuyapitia yote. Kuna la Gibson lenye mabega yaliyoporomoka, J-45, la mwaka 1942, ni binamu wa drednoti ila lina sauti kavu zaidi, waimbaji wanalipenda kwasababu nota haikai muda mrefu, inakupisha uimbe. Na kuna lile la kampuni ya Taylor la mwaka 1994, Grand Auditorium, inchi 16 na kiuno chembamba, walitaka gitaa la mtu anayefanya yote mawili, leo anakung'uta kesho anapiga vidole. Ukiwa wewe ndo gitaa moja tu utakuwa nalo maisha yako na hujui bado utaangukia wapi, umbo la namna hiyo halitakuangusha. Halitakupagawisha pia. Hayo ni maoni yangu, msinipige.

La nailoni hili. Hili ni Yamaha C40, mnalijua. Umbo hili limetoka Hispania, kwa fundi anaitwa Antonio de Torres aliyefariki mwaka 1892, yeye ndo aliyelipanua likawa hivi, na urefu wa nyuzi wa milimita 650 mpaka leo ndo kipimo. Shingo ni pana, milimita 52 pale kichwani ambapo F310 ni 43, kwahiyo vidole vya kulia vinapata nafasi, vya kushoto vinalia kidogo. Nailoni haiumi, kwa mtoto na kwa mtu anayeanza ukubwani ni rehema.

Ila nisikilizeni hapa, simu chini. Usiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti nyepesi ya chuma, zote sita zikishakazwa, zinavuta kilo 70 na kitu. Nailoni zinavuta kama 40. Binamu yangu aliweka, jioni, kaona sauti imekuwa kali kafurahi kalala. Saa nane usiku tukasikia paa! Tukajua mwizi kavunja dirisha, baba katoka na panga. Kufika sebuleni, briji imeng'oka na kipande cha ubao, imeruka mpaka chini ya kochi, nyuzi zimesimama kama masharubu ya kambare. Baba alikaa na lile panga anacheka mpaka machozi. Binamu hakucheka.

Sasa nyie wa kwaya mtaniambia, mwalimu, sisi tunachomeka kwenye spika, tumbo linahusu nini? Linahusu, tena ndo linahusu zaidi. Gitaa likishakuwa na pikapu, kile kifaa cha kudaka sauti na kuipeleka kwenye spika, sauti kubwa ni kazi ya spika. Ed Sheeran, yule mwimbaji wa Uingereza, alijaza viwanja na kile kigitaa kidogo cha Martin ambacho ukikiona utadhani cha mtoto. Na tumbo kubwa mbele ya spika ndo linaloleta ule mvumo wa kutisha, mnaujua, mchungaji ndo kwanza anasema tuombe gitaa linaanza uuuuuu, kila mtu anamgeukia fundi mitambo. Maskini fundi mitambo. Ni ile hewa ya tumboni niliyosema, spika inaitikisa, inavuma, pikapu inaidaka inairudisha kwenye spika, inazunguka hivyo hivyo. Tumbo dogo na jembamba halikubali kirahisi. Na kama hilo kubwa ndo mlilo nalo, kuna kifuniko cha mpira cha kuziba tundu, kinasaidia sana, au mwambie wa kwenye miksa apunguze hapo hapo karibu na Hertz 100.

Mbao nimeacha makusudi. Kila mtu anataka kuniuliza mahogani au rozwudi. Mbao ina kazi yake, na sisi huku tumekalia mali, mkangazi wetu ni ukoo wa ile wanayoiuza kama mahogani ya Afrika, na mpingo ni jamii moja na rozwudi, dunia nzima wanatengenezea klarineti na kuna mafundi wanautumia kwa mgongo na mbavu za gitaa, ukiugonga unalia kama kengele. Lakini umbo linabadilisha sauti kabla mbao haijafungua mdomo. Mpe fundi mbao ile ile atengeneze drednoti na sifuri tatu, hata asiyejua muziki atakwambia lipi ni lipi. Anza na umbo.

Dukani sasa. Omba kiti, na kama hawana kiti kaa hata kwenye boksi la spika, lakini kaa, kama unapigaga umekaa. Usimwachie muuzaji akupigie. Piga ile ile unayopiga nyumbani, sio ile ya kuonyesha watu, na ipige kwa sauti ile ile ya nyumbani. Kaa nalo dakika kumi, angalia kiwiko kimekaa wapi na bega limepanda au limetulia, maana dakika mbili kila gitaa ni zuri. Halafu mpe mwenzako apige, wewe kaa mbele yake, kwasababu sauti inaenda mbele, wewe unayepiga unasikia iliyobaki. Nimeshawaona watu wanakataa gitaa zuri kwasababu wao wamelisikilizia mgongoni.

Na sasa hivi kuna mtu moyoni anasema mbona fulani anapiga kinyume. Ni kweli. Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ana gitaa la nailoni la Martin, amekuwa nalo toka 1969, analipiga na piki, gitaa ambalo halikutengenezewa piki, limemtoboka, lina tundu la pili pembeni ya lile la kuzaliwa nalo. Na huko magharibi ya Kenya wakati wa kina George Mukabi, mpiga gitaa wa zamani, watu walipiga vidole kwa lolote lililopatikana, mwenzie pembeni anagonga chupa ya soda, na ukisikiliza zile rekodi humkumbuki Martin wala nani. Mtu akishaoana na gitaa lake wanazeeka pamoja. Mi naongea na ambaye bado hajaoa.

Langu mimi ni hili, sifuri tatu, la nyuzi fupi. Ndo kipenzi. Lina mapungufu yake, harusi ya uwanjani bila spika linamezwa, matari mawili tu yakianza mi nabaki natikisa kichwa kama nimo. Siku hizo natoka na drednoti, ndo maana sikuliuza, na tumepatana sasa, nalipiga na piki, nimesimama, limefurahi na mimi nimefurahi.

Nimeongea sana, koo limekauka. Tufanye hivi. Nina kanga hapa. Mtu anakuja anafungwa macho, anakaa, namwekea mapajani moja baada ya jingine, anapiga kile kile kwenye yote manne, haambiwi ni lipi, halafu anasema mkono wake umelala wapi. Dada wa kiti cha tatu, wewe uliyeguna niliposema drednoti halina kiuno, njoo. Njoo tu. Vua pete hiyo kwanza, kuna mtu ana presha humu ndani. Mzee kaa, usisimame, hilo lako nalishika mimi mwenyewe.